Gari la Inchi Ishirini na Tatu

Nyumba yenye geti la kijani,
Nyuma ya duka la rangi.
Jumapili, tarehe 21 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko uliko? Wifi yangu hajambo? Na hao watoto wawili, bado wanarefuka kwa kasi ileile, kila nikipokea picha suruali zimewapanda juu ya vifundo? Natumai barua hii itawakuta wazima na hali ya hewa imewahurumia kidogo, maana mara ya mwisho tulipoongea ulikuwa umevaa soksi mbilimbili na sauti yako ilitoka puani. Ile dawa ya kikohozi umeimaliza au umeiacha nusu kama kawaida yako?

Sisi huku hatujambo. Mama naye hajambo, ila habari zake ziache kwanza, nitazifikia. Ndizo zilizonifanya niweke simu kando nikachukua kalamu. Kwenye simu ungenikatiza katikati useme nifupishe, na mambo haya hayafupishiki. Wewe ndiye uliyeniita Chiriku nikiwa sijajua hata kufunga viatu, basi leo kaa umsikilize chiriku wako mpaka mwisho.

Tumenunua gari. Si lile ulilotushauri. Usinune, nitakueleza.

Karakana yetu ya kushona sare za shule ilihamia upande wa pili wa mji, nadhani nilikwambia. Kwa miaka miwili mtunza stoo wetu ndiye aliyekuwa akinipitia asubuhi kwa gari lake, akinichosha kwa hadithi za mbwa wake lakini akinifikisha. Sasa anastaafu mwisho wa mwezi huu. Kazi inaanza saa moja kamili, na saa moja na dakika tano msimamizi anafunga mlango, utadhani ndani kuna almasi na siyo sketi za bluu. Kwa hiyo tulihitaji gari la kweli: lisilobugia mafuta, lisilolala njiani, na bei yake iwe ya watu wanaoishi kwa mshahara. Jipya hatukuliwaza hata kwa ndoto. Tulitafuta lililotumika na mtu mwenye adabu.

Lakini sitakuficha, kazi yangu ilikuwa nusu tu ya sababu. Nusu nyingine ni Mama.

Tangu alipofanyiwa upasuaji wa goti, mwaka mmoja na miezi mitano sasa, Mama alikuwa havuki geti isipokuwa kwenda hospitali, na kila safari ya hospitali ilikuwa vita. Teksi za mtaani kwetu ni za chini sana. Kumwingiza si kitu, kazi ilikuwa kumtoa: mimi navuta mikono, shemeji yako anasukuma mgongo, dereva anatazama saa yake. Mara ya mwisho alikwama katikati, si ndani si nje, na watu waliokuwa kwenye foleni ya duka la dawa wote wakageuka kutazama. Tulipofika nyumbani akatangaza kwamba yeye na safari basi.

Fikiria mwenyewe, Kaka. Mama yule aliyekuwa akitubeba wote ziwani kila mwisho wa mwezi, yeye akiwa wa kwanza kuvua viatu, leo ulimwengu wake ni dirisha la jikoni na kamba ya kuanikia nguo. Nilimwona anapungua. Mwili uleule, lakini hamu inamwisha. Aliacha kuuliza habari za watu. Aliacha hata kunisema kuhusu mishono yangu, na hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Niliona tukichelewa tutampatia gari mtu asiyetaka tena kwenda popote.

Basi gari lenyewe lilitakiwa linifikishe kazini siku tano, litupeleke ziwani Jumapili, na Mama aingie na kutoka mwenyewe, bila kuvutwa wala kusukumwa.

Kila mtu akaja na yake. Shemeji yako alipenda kigari chekundu cha milango miwili alichokiona kwenye gazeti, akawa anakikata picha na kukibandika kwenye kioo cha bafuni. Wewe ukapiga simu ukasema tununue lile dude kubwa la kupandia milima. Mlima gani, Kaka? Kati ya nyumbani na karakana kuna tuta moja tu la barabarani, na nalo limesagika.

Mimi injini sizijui. Ninachokijua ni kupima. Kwa hiyo siku moja jioni nikatoa tepu yangu, nikamkalisha Mama, nikampima kutoka kisigino hadi nyuma ya goti, upana wa nyonga akiwa amekaa, na kutoka anapokalia hadi utosini, nijue mlango wa gari usimgonge kichwa. Kisha nikapima kitanda chake. Kile kitanda kirefu ndicho pekee humu ndani anachoinuka bila kushikwa mkono. Inchi ishirini na tatu kutoka sakafuni. Nikaandika kwenye kiganja. Nilijua nikipata gari lenye kiti cha kimo hicho, nimemaliza.

Nilitaka iwe siri, nimshangaze, kwa hiyo nilimwambia namshonea sketi. Hapo ndipo nilipovuruga, na kosa lenyewe ni la aibu kwa mtu wa kazi yangu, maana huyo niliyekuwa namdanganya ndiye aliyenifundisha kushika mkasi.

Alinitazama tepu ikiwa juu ya kichwa chake. "Sketi hii inafika utosini?"

Nikasema ndiyo mitindo ya siku hizi, Mama.

"Na kitanda nacho unakishonea?"

Nikacheka, nikakunja tepu, nikaenda kuchemsha chai. Mimi nikadhani nimeshinda. Kumbe alishajipatia jibu lake kichwani, na jibu hilo nilikuja kulijua wiki tatu baadaye.

Wiki hizo tatu zilikuwa ngumu, nakuambia. Mama alibadilika. Majibu yake yakawa ya neno moja. Akimaliza kula jioni, hata sahani haijaondolewa mezani, yuko kitandani. Chumba kikawa kinanuka dawa ya kuchua. Miguu ikivimba jioni namwuliza, anasema ni joto. Mimi nikajumlisha yote hayo nikapata ugonjwa. Asubuhi moja nilijifungia stoo ya karakana, katikati ya marobota ya vitambaa, nikalia mpaka mtunza stoo akaniletea maji na kwa mara ya kwanza hakunisimulia habari za mbwa.

Ndiyo maana kila Jumamosi tulikuwa barabarani. Tulimchukua fundi wa gereji ya jirani, yule wanayemwita Kimya. Ni mtu mzuri sana lakini maneno kwake ni kama yanakatwa kodi. Akiridhika anapangusa mikono. Asiporidhika anafunga boneti na kuondoka, nanyi mnamkimbilia nyuma.

Kwenye uwanja wa kwanza wa magari tulizungushwa na muuzaji ambaye shemeji yako alimbatiza Bwana Sukari. Kila gari kwake lilikuwa la daktari aliyelitumia kwenda ibadani tu. Mimi nikafungua mlango wa kwanza, nikachuchumaa, nikashusha tepu kutoka kwenye kiti hadi chini. Akanitazama weee.

"Dada, unataka kulishonea suti?"

Nikamwambia asinisumbue, nahesabu.

Kile kigari chekundu tulikikuta palepale. Inchi kumi na sita. Shemeji yako akasema tusikate tamaa kabla ya kujaribu, akajitosa ndani, akashika usukani, akavaa miwani ya jua. Alipendeza, sikatai. Tatizo likaja kutoka. Alijaribu kwa ubavu, akajaribu kwa magoti, mwishowe Kimya akamshika mkono mmoja na Bwana Sukari mwingine. Picha ya bafuni aliibandua siku ileile bila kuambiwa.

Dude lako la milima lilikuwa na inchi thelathini na mbili. Mama angehitaji ngazi. Bwana Sukari akasema ngazi anaweza kutupa bure.

Wiki iliyofuata tukapata jeupe moja, jamani, lilinipendeza hadi nikaanza kulichagulia vitambaa vya viti. Inchi ishirini na mbili na nusu, linang'aa, bei haifiki hata tuliyopanga. Nilikuwa nimeshafungua mkoba. Kimya akalala chini ya gari kwa muda mrefu, akatoka na vumbi mgongoni, akagusa mshono fulani uliofichwa na rangi mpya katikati ya milango.

"Hili lilikuwa mawili," akasema.

Yaani nusu ya mbele ni ya gari moja na nusu ya nyuma ni ya lingine, yameunganishwa kwa moto na kupakwa rangi. Mimi ninayeunganisha vipande vya vitambaa kila siku ya Mungu sikuuona huo mshono. Kimya hakuongeza neno jingine hadi jioni, na nadhani hakuona haja.

Lililotufaa halikuwa uwanjani kabisa. Lilikuwa kwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mitaa minne kutoka kwetu, limeegeshwa kivulini na kufunikwa shuka. Akalifunua. Rangi yake, Kaka, ni ya karoti iliyochemshwa sana. Umbo lake ni la kabati. Lakini mwalimu alikuwa ameandika kwenye kadibodi kila siku aliyobadilisha oili, kwa mwandiko wa ubaoni, miaka tisa mfululizo bila kuruka. Kimya alivuta kijiti cha oili, akakinusa, akawasha injini, akasikiliza amefumba macho, akaenda nalo hadi mwisho wa barabara na kurudi. Kisha akapangusa mikono.

Mimi nikachuchumaa na tepu. Inchi ishirini na tatu kamili. Nikapima tena kwa sababu sikuamini. Nyonga zinatosha, kichwa hakigusi, mlango unafunguka hadi mwisho.

Kasoro zake nazijua zote, mwalimu alizisoma moja moja kabla hatujalipa: kioo cha nyuma kushoto hakishuki, na redio inashika stesheni moja tu, ile ya muziki wa dansi wa zamani. Viti vya nyuma vinalala chapati, baiskeli ya mpwa wako inaingia nzima. Bei ilitubakizia kitu cha kununulia matairi mawili mapya. Mwalimu alituomba jambo moja tu, tusilioshe jua likiwa kali. Nikamwahidi.

Sasa nafika kwa Mama.

Jumamosi ya wiki iliyopita tulilileta nyumbani mchana. Shemeji yako kwenye usukani, mimi pembeni yake, mpwa wako nyuma. Mpango wangu ulikuwa niingie ndani taratibu, nimwambie kuna mgeni, nimtoe hatua kwa hatua na mkongojo wake. Shemeji yako akaharibu yote kwa kupiga honi.

Mlango ukafunguka. Mama akatoka, na mkongojo hana. Akashuka kizingiti, akaja. Akapita ndoo, akapita tangi la maji, akainamisha kichwa chini ya kamba ya nguo, akaja hadi getini bila kushika kitu chochote, amekunja uso kama siku ile mimi na wewe tulipovunja sindano zake zote za cherehani. Mimi nilikuwa nimeganda na mkono kwenye komeo. Akasimama mbele yangu anahema.

"Kirudisheni."

"Turudishe nini, Mama?"

"Hicho kiti cha magurudumu. Mwambie na kaka yako. Nimetembea, si umeniona? Basi kirudisheni dukani, sikikalii."

Kaka, unaikumbuka ile simu yako ya mwezi wa nne, uliponiuliza kama si bora ututumie kiti cha magurudumu? Nilikuwa nimeweka spika, na Mama alikuwa kwenye korido. Alisikia kila neno. Baada ya hapo mwanawe mwenyewe anakuja kumpima kisigino, goti, nyonga na kitanda, halafu anamwambia ni sketi. Wewe ungefikiri nini? Alijua tumeshapanga kumkalisha, na kwa kuwa ni Mama, hakubishana. Kila siku nikishatoka kwenda kazini, jirani yetu nesi mstaafu alikuwa anakuja, wanatembea kutoka jikoni hadi kwenye tangi, kutoka tangi hadi jikoni, mara tano, mara kumi, wiki ya mwisho mara thelathini. Ule uchovu wa jioni, ile dawa ya kuchua, ile miguu, vyote vilikuwa hivyo. Mimi nalia stoo, kumbe yeye yuko uani anafanya mazoezi kwa hasira.

Nikasema, "Mama, ni gari."

Akanisogeza pembeni, akalitazama kwa muda. "Rangi hii mlilazimishwa?"

Hapo ndipo nilipoanza kulia na kucheka pamoja, na shemeji yako naye akajifanya anakagua tairi. Nikamfungulia mlango wa mbele. Mama akageuka, akalipa gari mgongo, akakaa. Akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili. Hakuna aliyevuta, hakuna aliyesukuma. Akafunga mlango mwenyewe, akaweka mikono mapajani, akauliza tunasubiri nini.

Kesho yake tulikwenda ziwani. Sitakusimulia yote, utaona wivu. Jua tu kwamba alivua viatu, akaingia hadi vifundoni huku mpwa wako kamshika kiwiko, na njia nzima ya kurudi aliimba na redio yetu ya stesheni moja akikosea maneno. Tulipofika alinikagua upindo wa gauni akaniambia nimeushona kama mtu anayefukuzwa. Nimefurahi kusemwa, Kaka, sijui nikuelezeje. Usiku ule nililala usingizi ambao sikuulala mwaka mzima.

Kazini nako nafika saa kumi na mbili na dakika arobaini, nasubiri mlango ufunguliwe. Msimamizi haamini macho yake. Mafuta niliyoweka Jumatatu bado yapo. Wenzangu wanaliita gari Karoti, nami nimeridhia.

Jana Mama aliniambia nimpeleke mjini. Nikauliza wapi, akasema niendeshe. Akanielekeza hadi kwa mpiga picha, nyuma ya posta, akashuka mwenyewe, akakaa kwenye kigoda, akapigwa picha nne ndogo, nyuma kweupe. Nikamuuliza za nini, akasema nisubiri kwenye gari. Moja ameiweka humu ndani ya bahasha, mbili amezificha kwenye kopo la vifungo, na ya nne anayo jirani. Ameniagiza pia niache nafasi chini ya barua, na nisichungulie akiandika. Nimeiacha.

Nisalimie sana wifi, mwambie kitambaa alichotuma kinatosha na kinazidi. Wabusu wanangu wote wawili. Shemeji yako anakusalimu, anasema ukija atakukopesha miwani yake ya jua. Mpwa wako amechora Karoti, mchoro uko nyuma ya ukurasa huu. Jirani nesi anasema ukipata homa usijifanye shujaa. Mungu awalinde huko mliko, awape riziki yenye utulivu, na atukutanishe tukiwa na nguvu zetu.

Ni mimi mdogo wako, nisiyechoka kukupenda,

Chiriku

Mwanangu,

Huyu mdogo wako amemaliza karatasi yote kwa habari za magari, kwa hiyo mimi nitasema kidogo.

Mimi sijambo. Picha hiyo ni ya pasipoti. Fomu tumejaza na jirani, Jumatano Karoti inanipeleka ofisi ya pasipoti. Huyu nimemwambia aombe ruhusa kazini, ila bado hajui anakonipeleka.

Huu ni mwaka wa saba unasema utakuja Desemba. Sikulaumu, najua kazi zilivyo. Nami nilikaa dirishani nikikusubiri kwa sababu sikuwa na miguu ya kufanya jambo lingine. Sasa ninayo. Usije, nakuja mimi. Getini nilifika kwa hasira tu. Kwako nitafika kwa hamu.

Mwambie mkeo nalala kitanda kirefu. Na uwahi uwanja wa ndege, sipendi kusimamishwa.

Mama yako